Masizi Kwenye Riale: Kuokoa Sarafu za Ukoo Baada ya Nyumba Kuungua

Asubuhi ya pili baada ya moto nilimkuta shangazi uani, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mbele yake sahani ya majivu na ndimu nne zilizokwisha kukatwa. Vyumba viwili vya nyumba ya bibi, pale Tanga, vilikuwa vimeungua kwa hitilafu ya waya juu ya dari. Majirani walipambana na moto kwa ndoo za maji ya kisima hadi ukazimika. Chini ya mabaki ya kabati ulipatikana mkebe wa biskuti aliotuachia bibi, umepinda, rangi yake yote imebabuka, lakini sarafu zimo ndani. "Njoo tuzitakase, mwanangu," shangazi aliniambia. "Mama hakuwahi kuziacha zichafuke." Alikuwa ameshasugua tatu, na ya nne, riale ya fedha iliyofunikwa na masizi, alikuwa ameishika mkononi.

Hizo tatu zilikuwa pesa za shaba za Sayyid Barghash. Zilikuwa zinang'aa kama vifungo vipya vya koti. Nikazitandaza kiganjani, nikazisogeza kwenye jua. Upande mmoja wa pesa hizo una maandishi ya Kiarabu, upande wa pili una mizani na mwaka wa Hijria. Kwenye moja, sahani za mizani zilikuwa zimebaki kivuli tu, na katika mwaka 1299 zilisomeka tarakimu mbili. Nilipochukua pesa nyingine ya aina ileile ambayo haijaguswa, nikaipuliza taratibu, mwaka wote ulikuwepo, mweusi juu ya weusi. Moto ulikuwa umeuacha. Ndimu na majivu ndivyo vilivyoufuta.

Tangu siku ile nimesoma, nimewauliza wanaojua na nimejaribu kwa mikono yangu, na nimefikia hoja moja ninayotaka kuitetea hapa: sarafu nyingi huokoka motoni, kisha huangamia mikononi mwa wanaozipenda. Anayetaka kuokoa sarafu za ukoo hana budi kwanza kujua ni kitu gani hasa anachokiokoa. Sarafu ni kipande cha metali, lakini kinachoifanya iwe sarafu ni ngozi yake ya juu, nyembamba kuliko ukucha, yenye sura, mwaka na jina. Ngozi hiyo ikiondoka, kilichobaki ni kiduara cha shaba.

Mkebe mmoja, metali nyingi

Ugumu wa kwanza ni kwamba mkebe wa sarafu wa nyumba ya pwani hauna metali ya aina moja. Una karibu historia nzima ya fedha za Afrika Mashariki, na kila utawala ulipiga sarafu zake kwa metali yake.

Chini kabisa huwa kuna riale, ile sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Ina gramu 28 na ushei, na katika kila sehemu 1,000 za uzito wake, 833 ni fedha. Hufuatwa na rupia ya Uhindi, yenye fedha nyingi zaidi, sehemu 917 kwa 1,000. Kisha kuna pesa za shaba za Barghash za mwaka 1299 Hijria, yaani karibu 1882, na pesa za Kampuni ya Wajerumani za 1890 hadi 1892. Baada ya Wajerumani kuigawa rupia yao katika heller 100, mwaka 1904, zikaja hela za shaba iliyochanganywa na bati, na baadaye hela zenye tundu za shaba na nikeli. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimefunga njia za bahari, Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli: za shaba ya njano kwa watu wa kawaida, na za dhahabu zenye tembo na mlima kwa malipo makubwa.

Waingereza nao walileta senti. Katika miaka ya 1907 na 1908 walijaribu senti ya alumini, nyepesi kama kipande cha kadi. Baadaye zikaenea senti za tundu zenye pembe za ndovu, zile zilizotungwa kwenye uzi kama shanga. Shilingi ya simba ilianza 1921 ikiwa na robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hata robo hiyo iliondolewa, ikawa shaba na nikeli. Kisha Uhuru, na sarafu za 1966: senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, thumuni ya sungura, shilingi ya mwenge. Juu kabisa ni sarafu za miaka ya karibuni, ambazo ndani ni chuma na nje zimepakwa nikeli au shaba ya njano.

Nyingi katika hizi zimekufa sokoni lakini majina yake yanaishi. Tunasema pesa na hela kila siku bila kukumbuka kwamba zilikuwa vitu vya kushikika. Daladala hubeba jina la dala, ile sarafu ya shilingi tano. Ndiyo maana mkebe kama huu una uzito unaopita bei yake: maneno yaliyomo kinywani mwetu yana miili, na miili hiyo imo humo.

Joto, moshi na maji

Watu wengi huogopa joto peke yake. Kumbe moto huishambulia sarafu mara tatu, na pigo la kwanza mara nyingi ndilo dogo.

Moto wa chumba, ukishika kila kitu kwa pamoja, hupita nyuzi 600 za Selsiasi, na karibu na dari unaweza kukaribia 1,000. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962, dhahabu 1,064, shaba 1,085, nikeli 1,455. Kwa hiyo sarafu iliyokuwa sakafuni au ndani ya kabati haina sababu kubwa ya kuyeyuka. Ya kuhofiwa ni senti ya alumini, maana alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Mkebe uliofungwa husaidia zaidi ya tunavyodhani. Ndani yake hewa ni chache, na kitambaa au karatasi iliyomo huungua kama magogo ndani ya tanuri la mkaa: haiwaki, hugeuka kaa na kubaki mahali pake.

Joto hata hivyo huacha mambo mawili. Shaba iliyopata moto hujivika maganda, meusi juu na mekundu chini, na maganda hayo hubanduka yakiguswa vibaya, yakiondoka na herufi. Jambo la pili halionekani kwa macho. Sarafu ilipopigwa kiwandani iligandamizwa kwa nguvu kubwa, na mgandamizo huo uliikaza metali. Moto huilegeza tena, kama sonara anavyopasha waya ili aupinde. Sarafu iliyoungua ni laini kuliko ilivyokuwa jana, na kitambaa ambacho zamani kisingeikwaruza, leo kitaikwaruza.

Pigo la pili ni moshi. Nyumba zetu za sasa zimejaa plastiki, na ile ya PVC, ya mabomba na maganda ya nyaya za umeme, ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na maji huwa tindikali ya hidrokloriki. Mpira na sufi hutoa salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Masizi yenyewe yana mafuta, yana ukali, na yananyonya unyevu wa hewani. Yakikaa juu ya sarafu wiki moja si sawa na yakikaa mwaka.

Pigo la tatu ni maji. Nani anayechagua maji wakati nyumba inaungua? Yanayopatikana ndiyo yanayomwagwa, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Unga wa mitungi ya kuzimia moto nao ni chumvi za aina nyingine, zinazokula metali zikilowa. Chumvi hizi, pamoja na tindikali ya moshi, huingiza kloridi ndani ya ngozi ya shaba. Kloridi hiyo hukaa kimya hadi hewa yenye unyevu inapoifikia. Hapo huanza kula, ikitoa unga wa kijani kibichi hafifu, na kila inapokula hujizalisha upya na kuendelea. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa, na kweli una tabia za ugonjwa: sarafu inaweza kuonekana nzima leo na kuwa na vidonda baada ya mvua za masika.

Siku mbili za mwanzo

Kinachofanyika katika siku mbili za mwanzo huamua mengi kuliko kitakachofanyika katika miaka miwili ijayo, na sehemu kubwa ya kazi ya siku hizo ni kujizuia.

Kabla ya sarafu, kuna uhai. Hakuna riale inayostahili mtu aangukiwe na boriti. Umeme uwe umekatwa, zimamoto au fundi awe ameridhika kwamba kuta na dari zimesimama, na anayeingia avae barakoa na glavu, kwa sababu jivu la nyumba si jivu la kuni. Mkebe au kasha lililotoka motoni lisifunguliwe likiwa bado na joto. Hewa mpya ikiingia, karatasi na kitambaa kilichomo kinaweza kushika moto papo hapo. Lisimwagiwe maji baridi pia. Liache lipoe lenyewe, hata kama ni hadi kesho yake.

Kisha piga picha kabla ya kugusa chochote. Simu inatosha. Mahali ilipolala sarafu ni habari: senti tatu zilizoshikana pamoja na uzi ulioungua zinatuambia zilikuwa zimetungwa. Jivu lichekechwe polepole kwa chekecheo, likiwa kavu, bila kupepetwa kwa ungo, kwa maana kupepeta kunarusha sumu puani na kuzigonganisha sarafu.

Baada ya hapo, chukua sumaku. Inayonaswa karibu kila mara ina chuma, na chuma kilicholowa huanza kutu kwa saa chache. Hizo ndizo za kukaushwa kwanza. Zilizobaki zipangwe juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kila moja peke yake, zishikwe pembeni kwa vidole vilivyovaa glavu. Zilizogandamana zisitenganishwe kwa nguvu. Sarafu mbili zilizoshikana bado ni sarafu mbili. Ukizibandua kwa kisu huenda ukapata nusu mbili.

Ndimu, majivu na sonara

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, ambacho ni mazoea yetu. Shangazi hakufanya ujinga. Alifanya alichofundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na mama yake. Sinia ya shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, hadi mtu ajione uso. Sufuria husuguliwa kwa mchanga na waya hadi ing'ae, na mwanamke ambaye sufuria zake ni nyeusi husemwa. Katika utamaduni huu mng'aro ni heshima. Kuziacha sarafu za marehemu na masizi ni sawa na kuliacha kaburi lake na magugu.

Lakini sinia ni chombo, na sarafu ni maandishi. Sinia ikipungua unene wa karatasi haina hasara, kesho itapakuliwa pilau vilevile. Sarafu ikipungua unene huo, jina la sultani limekwenda. Ndimu huyeyusha tabaka la juu la shaba, majivu hulikwangua, na kwa sarafu ambayo moto umeshailainisha, kazi ya dakika moja hutosha kufuta kilichodumu miaka 140. Dawa ya meno ni majivu ya kisasa tu. Siki ni ndimu ya chupa. Na tindikali hizi zisiposuuzwa vizuri hubaki kwenye vishimo na kuendelea kazi usiku kucha. Zile pesa tatu za shangazi ziligeuka waridi, kisha kahawia yenye mabaka, na masika yalipokatika mbili zilikuwa na madoa ya unga wa kijani.

Wengine hukimbilia kwa sonara. Sonara ni fundi, na ufundi wake ni wa kuheshimiwa, lakini kazi yake ni kuvipa vitu vya fedha sura mpya. Atapasha, atachovya kwenye tindikali, atapiga brashi, na atakurudishia riale nyeupe kama maziwa. Atakuwa ametimiza alichoombwa. Kosa ni la aliyeomba.

Anayetaka kujua kwa nini ngozi ya sarafu inastahili kulindwa hivi aangalie Kilwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina mwaka. Zina majina, kama lile la Ali bin al-Hasan, na maneno ya kumsifu Mungu yaliyopangwa kwa vina. Wanahistoria wanaojaribu kupanga nani alitawala kabla ya nani wanayategemea sana majina hayo madogo. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 lilichimbuliwa fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zilizolala ardhini karibu miaka elfu. Udongo wa Pemba ulizitunza muda wote huo. Mtu mwenye ndimu angezimaliza kwa mchana mmoja, na pamoja nazo majina ya watawala ambao hatuna kumbukumbu nyingine yao iliyo karibu hivyo.

Kila metali na dawa yake

Kama hatusugui, tunafanya nini? Lengo la kwanza ni kuituliza sarafu: kuondoa kinachokula, kuacha kisichodhuru. Uzuri uje baadaye, kama utakuja.

Kwa sarafu nyingi hatua ya kwanza ni maji safi yasiyo na chumvi. Maji yaliyotoneshwa huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Msomaji awe mwangalifu sana, maana tindikali ya betri huweza kukaa rafu hiyohiyo na chupa zikafanana. Weka sarafu kwenye bakuli la kioo, moja moja, itingishe polepole dakika chache, mwaga, rudia hadi maji yatoke meupe. Tone la sabuni ya maji isiyo na manukato linaruhusiwa mara moja, likifuatiwa na kusuuza kwingi. Hakuna brashi. Kipande cha udongo kilichong'ang'ania kilainishwe kwa maji na kuguswa kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa sindano.

Masizi yenye mafuta na plastiki iliyoyeyuka havisikii maji. Hapo hutumika asetoni safi, ambayo huyeyusha mafuta na baadhi ya plastiki bila kuigusa metali. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa mafuta na manukato. Bakuli liwe la kioo, madirisha wazi, na kusiwe na jiko la mkaa wala kiberiti karibu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na huweza kuufuata moto ulio chumba cha pili. Familia iliyokwisha kuunguliwa mara moja haihitaji funzo hilo mara ya pili.

Fedha nzuri, kama riale na rupia, ni stahimilivu. Weusi wake mara nyingi ni ngozi tulivu isiyoidhuru, na wakusanyaji wengi huupenda. Zipo njia za kuubadili weusi huo urudi kuwa fedha, ile ya karatasi ya alumini na magadi ikiwa maarufu zaidi, lakini humwachia mtu sarafu iliyofubaa, isiyo na uhai. Shilingi ya simba ya kabla ya 1948 isipitishwe humo kabisa: robo yake tu ndiyo fedha, na robo tatu zitaitikia vingine.

Shaba, na shaba iliyochanganywa na bati, ndizo za kuogopewa. Zisuuzwe haraka, zikaushwe haraka, maganda yake mekundu na meusi yaachwe. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiupangusa, tenga sarafu hiyo na wenzake na umtafute mhifadhi wa makumbusho. Zipo dawa za kuizuia kloridi, lakini si za kuchezea jikoni. Sarafu za chuma zilizopakwa nikeli zikaushwe tu. Mpako ukishapasuka, maji zaidi ni kutu zaidi. Alumini iliyoyeyuka haina dawa. Tunza kile kidonge na uandike kilikuwa nini.

Kukausha nako kuna adabu yake. Bonyeza kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, usipanguse. Kisha ziache kivulini penye upepo siku nzima, uzigeuze.

Kwa kilichozidi uwezo wa nyumbani, watu wa kuuliza wapo. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yana wahifadhi. Mombasa, Fort Jesus ina maabara ya uhifadhi iliyopata uzoefu mkubwa kutokana na meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama 1697 mbele ya ngome hiyo na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Vitu vilivyokaa chumvini karne tatu haviponi kwa siku tatu. Hutolewa chumvi kidogo kidogo. Kawia ufike ndiyo kanuni nzima ya taaluma hii.

Pwani na unyevu wake

Vitabu vya nchi za baridi humwambia mtu aweke sarafu mahali pakavu, kisha huendelea na mambo mengine. Kwetu hilo ndilo jambo lenyewe. Unyevu wa hewa ya pwani mara nyingi huzidi asilimia 70, na shaba yenye kloridi haitulii hadi unyevu ushuke chini ya 40 hivi. Haiwezekani kukausha Tanga au Mombasa. Inawezekana kukausha boksi.

Boksi hilo liwe la plastiki ngumu isiyo ya PVC, lenye mfuniko unaobana. Ndani yake ziwekwe punje za jeli ya silika, zile zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu, ila nyingi zaidi. Punje hunyonya unyevu hadi zishibe. Zikishashiba hukaushwa kwa moto mdogo kwenye chombo kisichopikiwa chakula, kisha hurudishwa. Ukiifanya kazi hiyo kila masika na kila vuli, sarafu zimepata bara lao dogo katikati ya pwani.

Kila sarafu ikae kwenye mfuko wake, wa polietilini au poliesta. Mifuko laini ya PVC, inayonuka kama pazia jipya la bafuni, hutoa mafuta ya kijani na tindikali ileile tuliyoiondoa. Gazeti lina tindikali. Mpira wa kufungia noti una salfa. Kasha la mbao, hata liwe la nakshi nzuri kiasi gani, hutoa mvuke unaokula metali polepole. Inaumiza kusema hivyo katika nchi ya makasha, lakini kasha lipewe kanga na barua, sarafu zipewe boksi.

Thamani ipi?

Kuna watakaouliza kama taabu hii ina faida. Sokoni, jibu ni jepesi na halipendezi. Sarafu iliyoungua hushuka bei, na iliyosuguliwa hushuka tena. Mnunuzi mzoefu huitambua kwa mtazamo mmoja, kwa mng'aro wake mtupu na mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Pesa za Barghash na senti za tundu hazikuwa na bei kubwa hata kabla ya moto. Anayetafuta utajiri kwenye mkebe wa bibi atasikitika, isipokuwa aikute ile dhahabu ya Tabora.

Lakini familia haikuuhifadhi mkebe kwa ajili ya soko, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wakusanyaji. Wao hutafuta sarafu isiyoguswa, kana kwamba haijawahi kuwa ya mtu. Sisi tunatunza iliyoguswa. Riale iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni ni mbovu kwao, kwetu ni bibi harusi. Shilingi iliyochakaa simba akabaki mgongo ni takataka kwao, kwetu ni miaka ya kuuza maandazi. Kwa kipimo hicho, moto nao ni sehemu ya yaliyoipata sarafu, na si lazima kila alama yake ifutwe. Kinachotakiwa ni kutenganisha alama inayokula na alama inayosimulia.

Na kuna hifadhi moja isiyohitaji asetoni wala silika, ambayo tunaiahirisha hadi inakosa mwenyewe. Metali hukaa. Habari zake zimo kinywani mwa mzee mmoja au wawili, na wao hawana boksi la kuwatunza. Jioni ile, badala ya kusugua, tulichukua daftari. Kila sarafu ikapata namba, picha mbili, na maneno ya shangazi kama alivyoyatamka: hii aliipata babu bandarini, hizi za tundu nilichezea bao nilipoumwa surua, hii ndiyo shilingi ya kwanza ya Uhuru aliyoshika mama, hakuitumia. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika miaka yangu yote yalitoka kwa sababu ya vipande vya metali vyenye masizi. Kama angezing'arisha zote asubuhi ile, nadhani tungezitazama, tungezisifu, tungezirudisha mkebeni.

Ile riale aliyokuwa ameishika tuliiacha ya mwisho. Tuliitazama kwa lenzi kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya shavu la malkia, masizi yalikuwa yamejipanga mistari, wima na mlalo, midogo kuliko nywele: nyuzi za kitambaa. Sarafu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Kanga iligeuka kaa ndani ya mkebe, ikaanguka vumbi, ikaacha ufumaji wake umechapwa juu ya fedha. Pembeni kulikuwa na doa nene zaidi, la mviringo. Shangazi aliweka kidole juu yake bila kuigusa. "Hapa ndipo lilipokuwa fundo," alisema. "Mama alilifunga mwenyewe. Ni riale ya mahari ya mamake."

Tulilijadili kama inavyopasa. Masizi yana ukali, na kanuni niliyoieleza hapo juu yasema yasuuzwe. Lakini fedha hustahimili kuliko shaba, boksi ni kavu, na maji yangelifuta fundo lile kwa nukta moja. Tukaipiga picha nyingi, tukaiweka kwenye mfuko wake na punje mara mbili ya nyingine, na tumekubaliana kuikagua kila baada ya mvua. Juu ya mfuko kuna kadi, mwandiko wa shangazi, herufi kubwa: RIALE YA MAHARI. MASIZI YASIGUSWE.